Theluji, Mto na Ukungu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2015, saa tisa alasiri. Nyumbani kwetu Bwera palikuwa na jua kali, lakini wingu zito lilikuwa limeifunika milima ya Rwenzori, na ngurumo zilisikika upande wa Kasese.

Sebuleni tulikuwa watu watano. Baba yangu, Kosmasi Karuhanga, alikuwa mwalimu wa kanisa kwa miaka ishirini na saba. Mama yangu, Vasta, alikaa karibu na mlango wa jikoni. Mdogo wake baba, Tumwine, muuza vitenge wa mpakani Mpondwe, alikuwa amefunga duka mapema ili asikose kuku wa mkwe. Mkwe mwenyewe alikuwa Ocaya, fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji, mzaliwa wa kaskazini. Mimi, Sylivia, nafundisha shule ya msingi huko Nyakiyumbu. Ocaya alikuwa mchumba wangu.

Mezani palikuwa na Biblia ya Kiswahili, kwa sababu Ocaya hakujua Lhukonzo, lugha yetu. Chini ya Biblia palikuwa na karatasi moja. Lilikuwa tangazo la ndoa yetu, kwa mwandiko wa baba, nalo lilipaswa kusomwa kanisani kesho yake. Baba alikuwa ameweka sharti moja: kwanza Ocaya akubali kubatizwa upya. Kanisa lake, linalofundisha kwamba Baba na Roho ni Yesu yule yule, lilikuwa limembatiza katika mto Mubuku kwa jina la Yesu peke yake. Kwa baba, huo haukuwa ubatizo.

"Ulioga," baba alimwambia. "Umeoga vizuri, lakini hujabatizwa."

"Mzee, mimi nilizamishwa mzima mzima," Ocaya alijibu. "Nyinyi ndio mnanyunyizia watoto maji kama mtu anamwagilia mboga za dodo."

Tumwine alicheka. Baba hakucheka. Alifungua Biblia.

"Mathayo ishirini na nane, aya ya kumi na tisa. Bwana mwenyewe anaagiza: kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Soma."

"Naijua. Amesema jina, hakusema majina. Jina ni gani? Fungua Matendo mbili, thelathini na nane. Petro alibatiza kwa jina gani? Fungua kumi, arobaini na nane. Fungua kumi na tisa, aya ya tano. Nionyeshe mtume mmoja, mzee, mmoja tu, aliyesema hayo maneno yako matatu juu ya maji."

"Kwa hiyo Petro alimsahihisha Bwana?"

"Petro alimwelewa Bwana. Wewe ndiye hujamwelewa."

Mama alisema chakula kinapoa. Hakuna aliyemsikia.

Baba alirudi kwenye Mathayo, sura ya tatu. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Yesu yuko mtoni. Roho anashuka kama njiwa. Sauti inatoka mbinguni na kusema huyu ni Mwanangu. Nijibu, kijana. Nani alikuwa anasema? Yesu alijirushia sauti juu, kisha akaisikiliza chini?"

"Mungu yuko kila mahali."

"Sijauliza yuko wapi. Nimeuliza nani alikuwa anasema. Na katika Yohana kumi na saba anamwomba nani usiku ule? Anajiomba mwenyewe?"

Ocaya alijifuta jasho. Alitaja Yohana kumi, aya ya thelathini, 'Mimi na Baba tu umoja.' Alitaja kumi na nne, aya ya tisa. Kila mara baba alimrudisha mtoni: nani alikuwa anasema? Nilimwona Ocaya akikosa jibu, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani atanyamaza, atakubali, tutakula, na kesho tangazo litasomwa.

Badala yake alivuta mfuko wake na kutoa daftari lenye jalada la kijani.

Nililijua kabla halijafika mezani. Lilikuwa daftari langu la kipaimara. Nililiandika nikiwa na miaka kumi na mitatu, katika darasa la baba. Nilimpa Ocaya mwezi wa nane, aliponiambia kwamba anataka kujua nimelelewa vipi.

"Hii si mwandiko yangu," Ocaya alisema, akitabasamu. "Somo la tano. Utatu Mtakatifu. Nasoma. 'Theluji iko juu ya Rwenzori. Ikiyeyuka inakuwa mto Mubuku. Jua likipiga mto, unakuwa ukungu. Ni maji yale yale. Vivyo hivyo Mungu ni mmoja, na huja kwetu kwa sura tatu.' Chini kuna wino mwekundu. 'Kumi juu ya kumi. Vizuri sana. K.K.' Huyu K.K. ni nani, mzee?"

Ocaya aliligeuza daftari ili baba auone wino.

"Maji yale yale, yanajigeuza tu. Leo theluji, kesho mto. Amina! Hiyo ndiyo mahubiri ya kanisa letu kila Jumapili! Mzee, wewe ni mtu wetu miaka ishirini na saba, na hatukujua!"

"Theluji iko juu sasa hivi!" baba alipiga kelele. "Na mto uko chini sasa hivi! Vyote vipo kwa pamoja!"

"Basi ni maji tatu, kaka," Tumwine alisema. "Umepata miungu tatu. Hii mutoto iko na maneno, kabisa!"

"Nyamaza, Tumwine!"

"Kama mimi nilioga, wote uliowafundisha hii theluji walioga pia," Ocaya aliendelea. "Ni wangapi? Mia tatu? Kusanya wote, tuingie Mubuku pamoja."

Baba alisimama. Alitazama wino wake mwekundu, na nikaona anaelewa kwamba amenaswa. Ocaya alikuwa hajajibu swali la Mathayo tatu, na hakuna aliyelikumbuka tena. Mzee wangu alikuwa ameshinda kwa Maandiko, akaangushwa na mfano wake mwenyewe. Na mwandiko ulikuwa wangu.

"Ulilitia lini mfukoni?" nilimuuliza Ocaya.

"Nini?"

"Daftari. Ulilitia lini mfukoni?"

"Jana jioni. Kwa nini?"

"Jana jioni ulikuwa hujasikia aya hata moja kutoka kwake. Uliniomba daftari hili ili unijue. Nilikupa ujue nyumba yetu. Ukatafuta mahali ukuta ulipo dhaifu."

"Sylivia, baba yako ndiye ameanza. Ameniita mtu asiyebatizwa mbele ya—"

"Amekuita usoni pako, na kitabu kikiwa wazi. Wewe ulikuja na wembe mfukoni."

"Mwanangu," baba alianza.

"Na wewe, baba! Ulinipa kumi juu ya kumi. Ningeamini nini? Ulijua somo si sawa?"

"Nilijua halijakamilika," alisema. "Watoto walilipenda."

"Basi usimdai mtu mwingine abatizwe upya kwa kosa ulilonifundisha mimi."

Nilichukua daftari. Nikainua Biblia na kuchukua tangazo. "Kesho halisomwi," nilisema. Hakuna aliyenizuia.

Ocaya aliondoka saa kumi na moja, mvua ikianza, akapanda gari la Kasese bila kula. Tumwine alikula paja lake na la Ocaya, kisha akarudi Mpondwe kufungua duka. Mama aliosha vyombo na hakusema na baba mpaka Jumatatu. Jumapili baba aliongoza ibada na hakusoma tangazo lolote la ndoa. Jumanne alifundisha watoto kumi na wanne wa kipaimara. Aliwasomea Mathayo tatu, na mtoto mmoja alipouliza inawezekanaje Mungu mmoja awe watatu, alisema hana mfano. Mimi nilirudi Nyakiyumbu na sikupokea simu sita za Ocaya. Ya saba niliipokea. Aliniomba msamaha. Nilimwambia aanzie kwa baba, na ajibu swali lake la mtoni. Mpaka naandika haya hajaenda.