Mabati ya Mtani

Alphonsine alisukuma godoro chini ya meza, akalisogezea gunia la unga, kisha akatazama juu. Nyumba yake ya Kikula haikuwa na paa. Mbingu ilikuwa imeiva upande wa mtaa wa Panda, nyeusi tititi, na kuta zake zilikuwa za matofali mabichi ya udongo. Mvua moja kubwa ingetosha kuzibomoa.

Paa lilichukuliwa kwa kicheko. Symphorien, mtani, au munungwe, wa ukoo wake, alikuja Jumapili moja na ngazi. "Mujane wangu, leo ninaoa malata yako," alisema, akiyaelekezea kidole mabati ya paa. Mtani hanyimwi. Majirani walicheka, na Alphonsine mwenyewe aliishika ngazi. Mabati yangeezekwa kwenye ofisi mpya ya Zone, serikali ya mtaa, hadi sherehe ya kuifungua ipite, halafu yangerudi. Kwani si huyuhuyu aliyechimba kaburi la mumewe, akavaa viatu vya marehemu na kuwachekesha waliokuwa wakilia? Ndiyo maana mtaa mzima ulimchagua kuwa diwani, yaani Conseiller. Walisema, safari hii tutaitukana serikali usoni, nayo itacheka.

Sherehe ilikuwa imepita zamani. Alphonsine akajifunga kitenge, akaenda.

Uani mwa ofisi palikuwa na foleni. Hilaire alikuja kudai mlango wake, Eugénie viti vyake. Vyote vilichukuliwa kwa utani. Symphorien akatokea barazani, abakosti, koti la viongozi, imembana tumbo.

"We Symphorien, panya ya kuiba," Alphonsine aliita, kama walivyozoea. "Tumbo sawa pipa ya pombe ya munkoyo. Mvula inakuya. Shusha malata yangu, ao unifiche mu ile tumbo."

Foleni ikaangua kicheko. Symphorien hakucheka.

"Citoyenne," alijibu, akimwita "raia" kiserikali, "Symphorien ni nani? Ile majina ya bazungu serikali ilikataza. Minye niko Conseiller."

"Uko munungwe wangu."

"Malata ulitoa weye mwenyewe. Ulishika ngazi."

"Nilipatia munungwe."

"Basi. Munungwe akibeba kitu, banamuombaka tena?"

"Na matusi? Munungwe anakasirikaka?"

"Hapa hakuna bunungwe. Hapa ni Zone. Kutukana chef ni kutukana Zaïre."

Polisi aliyelinda mlango wa ofisi akamshika Alphonsine mkono. Diwani akaigeukia foleni.

"Mwingine munungwe wangu ni nani? Anyooshe mukono."

Hilaire alitazama ardhi. "Shiye tuko raia tu, Citoyen Conseiller."

"Raia tu," Eugénie akaitikia.

Matone yakaanza kugonga bati, kisha mvua ikamwagika yote. Foleni ikavunjika. Watu wakakimbilia barazani, wakabanana chini ya paa pamoja na diwani wao. Polisi akauachilia mkono wa Alphonsine, akakimbilia barazani yeye pia. Eugénie alijisogeza, akampa polisi nafasi.

Alphonsine alibaki uani, kitenge kimemganda miguuni. Walikuwa wakitazamana naye, wote wakavu. Hakuna aliyemwita.