Nafasi ya Vidole Viwili

Mvua ya Pará, kaskazini mwa Brazili, huja alasiri, watu wakishamaliza kula. Matone ya kwanza yakigonga bati, Dona Zenaide huweka kando bakuli lake la uji wa matunda ya asai, hufuta mikono kwa pindo la gauni, kisha huondoa jiwe juu ya kifuniko cha tangi la kioo ili jeju atoke.

Jeju ni samaki mdogo, hazidi kiganja, lakini ana meno kama sindano, na samaki mwingine ukimtia humo utakuta magamba tu. Siku ile alishuka kwa mguu wa meza, akapita chini ya kiti cha mumewe Zenaide, Belarmino, akaelekea mlangoni.

"Inua miguu, mzee."

"Nimeinua. Siku hizi anapita kama mwenye nyumba."

Kila nyumba ilikuwa na jeju wake. Kampuni ya mawese ilipofukia kijito, watu walikwenda na ndoo, wakaokoa mmoja mmoja, maana wawili hawakai pamoja. Tangu hapo, kila mvua iliponyesha, samaki hao waliburura matumbo hadi kijito kilipokuwa, wakalala kwa mstari katikati ya michikichi, na jioni wakarudi. Wanawake waliwafagilia njia, basi.

Visima vilipoanza kutoa maji yenye utando wa mafuta, watoto wakatoka vipele, watu waliiomba kampuni ikifungue kijito. Kampuni ikamtuma Bwana Wanderlei, mtu mpole, mwenye viatu vya mpira.

"Mama, nitafunguaje kijito ambacho hakuna anayejua kilipita wapi? Nionyesheni kwanza."

"Subiri mvua, mwanangu," alisema Zenaide, akamkaribisha kahawa.

Mvua ikaja. Jeju wakatoka nyumba zote, wakajipanga, na nyuma yao maji yakachimbuka, upana wa shubiri moja, baridi, yenye harufu ya majani ya zamani. Wanderlei alifuata taratibu, akichomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu.

"Mtazameni Osmarina!" jirani mmoja alicheka. "Kavaa gauni la kanisani kwa ajili ya samaki!"

"Na wewe ungeoga kwanza," alijibu Osmarina, akainama, akanywa kwa kiganja. Akanywa tena, machozi yakimtoka.

"Kumbe ni hapa," alisema Wanderlei.

Wiki iliyofuata mashine zilikuja. Zilifuata vijiti, kijiti kwa kijiti, na kila palipokuwa na kijiti pakapandwa mchikichi mchanga, kwa kuwa mchikichi unapenda unyevu. Maji hayakuchimbuka tena.

Zenaide alimkuta Wanderlei kando ya trekta.

"Ulituahidi, mwanangu."

"Nilisema nionyeshwe, mama. Mmenionyesha. Nawashukuru sana."

Jioni hiyo Belarmino alichota maji ndoo baada ya ndoo, akajaza tangi mpaka maji yakagusa kifuniko, akaweka mawe mawili. Alifuga jeju tangu utotoni. Alijua, kama kila mtu pale, kwamba jeju huja juu kuvuta hewa, na kwamba lazima uache nafasi ya vidole viwili.

"Asiwaonyeshe kitu tena," alisema.

Asubuhi jeju alikuwa amekufa maji, tumbo juu, macho meupe. Zenaide hakumgombeza mumewe. Alipika muhogo, wakala.

Alasiri mvua ilinyesha. Mawe yakasogea. Jeju akashuka kwa mguu wa meza, amekufa vilevile, akapita chini ya kiti. Belarmino aliinua miguu bila kuambiwa.

Giza lilipoanza kuingia jeju alirudi, tumbo limepakaa tope, nyuzi za mizizi ya mchikichi zimenasa kwenye meno. Zenaide alimwosha, akamrudisha tangini. Kisha akachukua kikombe, akapunguza maji, akapima kwa vidole vyake viwili chini ya kifuniko, akaweka jiwe.