Keki ya Siagi na Trekta ya Bwana Vail

Niliapa kutosema yaliyotokea ndani ya chumba kile, na mimi ni mtu wa kiapo. Kwa hiyo majina nimebadilisha, kaunti nimebadilisha, na mkinibana sana nitasema hata keki ilikuwa ya limau.

Zamani, huku kwetu Georgia, watu wa jopo kuu, wale raia wanaopima kesi kabla haijafika mahakamani, walichaguliwa na wakubwa wachache. Walikaa mezani wakatafuta raia "wanyofu na wenye akili", yaani binamu zao. Siku hizi mashine ndiyo inayochota majina ya wapigakura na ya wenye leseni za udereva. Mashine haina binamu. Ndiyo maana ikaniokota mimi, Verdie Stubblefield, ambaye marehemu mume wangu alisema siwezi kutunza siri hata nikishonwa mdomo.

Kesi iliyonikosesha usingizi ilikuwa ya Odell Mapp, dereva wa basi la shule. Ilisemekana ameiba trekta ya Bwana Prentiss Vail, mgeni kutoka Atlanta aliyenunua shamba la marehemu Grady Hobbs. Jopo kuu halimfungi mtu. Linaamua tu kama kesi iende mbele mahakamani au ifie palepale. Lakini ikienda mbele, Odell anapokonywa usukani wa basi siku hiyohiyo, na yule hana kazi nyingine, ana watoto na kishamba cha karanga.

Sasa, mwendesha mashtaka wetu, Lamar Crutchfield, alikuwa na ujanja wake. Kesi yenye walakini huiweka Ijumaa, ya mwisho kabla ya chakula cha mchana. Ijumaa Nettie, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, hukaanga kambare, na ukichelewa unakuta mifupa. Jopo lenye njaa halina maswali. Mume wangu aliwahi kukaa kwenye jopo hilo. Yeye alijua kutunza siri kuliko mimi, ndiyo maana haya yote aliniambia kitandani.

Basi nikaoka keki ya siagi, nikaitia kwenye mkoba wangu wa kanisani, ule unaoweza kumeza mtoto.

Chumba kilifungwa. Humo hamna jaji, hamna wakili wa mshtakiwa, wala mshtakiwa mwenyewe. Kuna sisi, Crutchfield, na shahidi wake. Siku hiyo shahidi alikuwa Tully, askari wa sherifu.

"Hii fupi," Crutchfield alisema. "Tully, trekta uliikuta wapi?"

"Shambani kwa Odell. Alikuwa anaiosha."

"Asante. Mmesikia wenyewe."

Hollis Yancey, mwenyekiti wetu, akatazama saa. Ni mtu mzito, na tumbo lake lilishaanza kunguruma. "Tupige kura basi, jamani. Nettie hamsubiri mtu."

"Hollis, mwanangu," nikasema, "hebu kata kipande kwanza."

Nilipofungua mkoba, ile harufu ilizunguka chumba chote.

"Bi. Verdie, chakula hakiruhusiwi humu," Crutchfield akasema.

"Sheria ipi hiyo? Itafute, mwanangu. Sisi tunatafuna tukikungoja."

Keki ikapita mkono kwa mkono. Tully naye akachukua kipande, na kingine akakifunga kwenye leso. Hollis alikula viwili, akalegeza mkanda, akaegemea kiti. Nikaona macho yake yanarudi kutoka mgahawani.

"Tully," akasema taratibu, "hebu nikuulize. Tangi la mafuta lilikuwaje?"

"Tangi?"

"Ndiyo, la hiyo trekta."

"Limejaa. Dizeli mpaka kwenye kifuniko."

Watu wote wakaacha kutafuna. Mle ndani hamkuwa na mtu ambaye hajawahi kuchukua trekta ya jirani. Ufunguo hukaa humohumo. Mwenyewe akiwa hayupo unachukua, unalima, unaiosha, unajaza tangi, unarudisha. Grady Hobbs aliishi hivyo mpaka akafa.

"Mwizi anayeosha na kujaza mafuta!" mama mmoja wa nyuma akasema. "Aje aibe na gari langu, nitamwachia mlango wazi."

"Bwana Vail hakutoa ruhusa!" Crutchfield akapaza sauti.

"Grady naye hakuwahi kutoa," Hollis akajibu. "Hakuna aliyemwomba."

"Hata hivyo, mali ni ya mtu," akasema mzee mmoja karibu na dirisha. "Mwenye shamba ni mpya. Odell angegonga mlango."

"Kweli, angegonga," nikasema. "Hilo tumsute. Tusimshtaki."

Wakati wa kura, Crutchfield na Tully wakatoka, maana ndiyo sheria. Kesi ilihitaji mikono kumi na miwili ili iende mbele. Iliyoinuka haikujaza hata benchi moja. Hollis akaandika kwamba hapana shtaka, akaweka sahihi, na chembe ya keki ikabaki hapo kwenye karatasi.

Crutchfield aliisoma mara mbili. "Mnajua kambare wameshaisha?"

"Tumeshiba, mwanangu," nikamwambia. "Pole wewe."

Sikumwambia mtu. Msinicheke, kweli sikusema! Jumapili, nje ya kanisa, Odell akanisogelea na kofia mkononi. "Bi. Verdie, eti ulikuwa mle ndani?"

"Ndani wapi? Ijumaa nilishinda kitandani na mgongo wangu."

Siku iliyofuata nilianika sufuria ya keki varandani. Nikageuka kidogo tu, haipo. Sikumpigia sherifu simu.

Baada ya siku chache mlango ukagongwa, kwa adabu kabisa. Nilipofungua, Odell alikuwa ameshafika kwenye gari lake, anapunga mkono. Sufuria ilikuwa kizingitini, imesuguliwa ikang'aa, imejaa mpaka juu karanga za kuchemsha, bado zinatoa mvuke.

Mdomo wangu ulitunza kiapo. Ila Tully alitoka na kile kipande kwenye leso, akakilia mbele ya mahakama, na katika kaunti nzima hakuna asiyeijua keki yangu.