Kivuli cha Dishi

Mimi huegesha gari langu mahali pamoja tu, nyuma ya kituo chetu cha televisheni, chini ya dishi kubwa la setilaiti. Saa za chakula cha mchana kivuli chake hulala juu ya kiti changu cha dereva, nami hula mkate wangu humo bila kuungua. Jumatatu moja ya Agosti nikatoka na mkate wangu, nikakuta kiti kinaunguza kwa jua. Kivuli kilikuwa juu ya gari la meneja, Bwana Ostby.

Nikasimama pale na mkate mkononi. Jua halijahama, kwa hiyo kilichohama ni dishi.

Kituo cha mji mdogo kama wetu, Chaneli ya 8, hakiishi bila mtandao mkubwa wa televisheni wa New York. Wao hurusha michezo ya kuigiza na mpira kupitia setilaiti, sisi tunadaka kwa dishi na kuongeza habari zetu za saa kumi na mbili jioni, bei ya ngano na hali ya hewa. Tulianza na mtandao wa Nyota mwaka 1958. Mwaka 1971 tukahamia Pete. Mwaka 1983 tukarudi Nyota. Kila mtandao una setilaiti yake, na dishi haliangalii mbili kwa wakati mmoja.

Kila tulipohama, meneja alileta keki yenye nembo mpya. Ile ya 1983 naikumbuka vizuri. Kabla haijakatwa, watu sita waliitwa ofisini mmoja mmoja, na mume wangu Harlan, mpiga kamera, alikuwa wa nne. Tangu siku hiyo anauza mbegu, na keki ya sukari nyeupe siitaki hata kuiona.

Nilimfuata Verlin Quast, fundi wetu, huko kwenye chumba cha mitambo. Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na mbili.

"Verlin, dishi linaangalia wapi?"

"Juu," akasema, bila kuinua kichwa.

"Usinifanye mtoto. Kivuli kimehama."

"Dada Ardis, wewe kazi yako ni kupanga orodha ya vipindi. Sasa umekuwa mpimaji wa vivuli?"

Akacheka, lakini masikio yalimwiva. Verlin hajui kudanganya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Jumanne dishi lilikuwa limerudi mahali pake. Jumatano likahama tena, saa ile ile. Alhamisi Bwana Ostby akaniambia orodha ya Januari niiache wazi kuanzia saa moja jioni.

"Niiache wazi mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie, mama."

Sikulala vizuri. Nilijua wanarudi Pete, na nilijua safari hii wa kuitwa ofisini ni mimi. Verlin, ambaye nilimsimamia binti yake ubatizo, alikuwa akijua na kunichekea usoni. Niseme ukweli, nilimchukia.

Kesho yake jioni nikampigia simu wifi yangu LaVonne, karani wa Chaneli ya 4, washindani wetu wa ng'ambo ya mto.

"Wifi, kwenu hakuna nafasi?"

"We Ardis! Umepatwa na nini?"

"Hapa tunauzwa kimyakimya. Wanaongea na Pete."

"Pete? Unasema kweli? Pete wanatafuta kituo huku kwetu?"

"Dishi halidanganyi."

"Haya, nitakuulizia," akasema, akakata simu upesi kuliko kawaida yake. LaVonne hukata simu baada ya kuaga mara nne. Nililiona hilo, nikalipuuza, kwa sababu ya shida zangu.

Wiki iliyofuata, Ijumaa asubuhi, mwoka mikate alileta keki. Ilikuwa kubwa, na juu yake pete ya sukari ya bluu. Tulikusanyika studioni, watu kumi na tisa, nami nikasubiri kuitwa. Hakuna aliyeitwa. Bwana Ostby aliingia na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Nyota wanatuacha Desemba," akasema. "Waliandika barua tangu Mei. Tulikuwa tunaongea na Pete. Sharti lao lilikuwa moja, habari isitoke nje mpaka tusaini leo. Jana usiku wamesaini na Chaneli ya 4."

Akatoka. Keki alishailipia, akasahau kuizuia.

Verlin alikaa juu ya sanduku la nyaya. "Siku mbili nilijaribu mawimbi yao saa za chakula, mtu asione," akaniambia. "Yalikuwa safi kabisa. Pete walitaka na habari za saa nne usiku. Ostby alitaka wapiga kamera wawili zaidi. Akaniuliza kama Harlan bado ana mkono mzuri. Nikamwambia anao."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikula kiapo. Na nilitaka uambiwe mbele ya keki, ufurahi angalau mara moja." Akawatazama wenzetu mmoja mmoja kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. "Kuna mtu humu amesema. Nadhani Duane wa matangazo. Kila siku yuko ng'ambo. Nikimshika nitamvunja."

Duane alikuwa kando ya mlango, ana watoto watatu, hajui lolote. Ningeweza kumwachia lawama ile, na nilitamani, ninakiri.

"Mwache Duane," nikasema. "Ni mimi. Nilimwambia LaVonne."

Verlin hakunitukana. Alichukua spana zake akatoka nje.

Nilikwenda kuandika orodha ya Januari. Niliacha wazi saa moja jioni hadi usiku wa manane, na saa kumi na mbili pia, maana habari bila mtandao hazina wa kuzigharamia. Mchana nikatoka na mkate wangu, ingawa sikuwa na njaa. Dishi lilikuwa limerudishwa upande wa Nyota na kukazwa kabisa, na kivuli kilikuwa kimelala juu ya kiti changu.