Picha ya Themanini na Nane

Kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kuyachoma mabati ya mtaa wa Waberi, Musembi alifungua kompyuta ya marehemu mkewe na kuitazama nchi isiyokuwa na mtu. Ilikuwa nchi nyekundu, mawe yametawanyika kama mifupa ya mzoga uliosahauliwa na fisi, na upande wa kushoto kilima kimoja kimeinama kana kwamba kinasikiliza. Hapakuwa na mti, wala ndege, wala moshi wa jiko la mtu. Alama pekee ya kiumbe ilikuwa michirizi miwili ya magurudumu, iliyoanzia karibu na kupotelea mbali.

Nchi hiyo ilikuwa Mirihi. Kigari cha utafiti kilichopelekwa kwenye sayari hiyo kilipiga picha ndogo ndogo, kila moja ikiona kipande chake tu, na wenyewe wakaziweka mtandaoni, apendaye achukue. Kathure, mkewe, mwalimu wa jiografia, alipenda. Alitafuta picha mbili zilizoliona jiwe moja, akazilaza moja juu ya nyingine mpaka jiwe likaacha kuwa mawili, kisha akaenda kwa picha ya tatu, na ya nne, kama mama anayeunga vipande vya leso kuukuu apate shuka. Mshono ulioonekana japo kwa unene wa unywele, aliufumua. "Macho ya wanafunzi wangu hayasamehi," alizoea kusema.

Alifariki mwezi wa sita, picha kumi na tisa zikiwa zimebaki. Musembi, mtunza stoo aliyeishia kidato cha nne na kuzoea mabomba na koki, alijifunza kazi ile kwa kukosea. Mwishoni mwa daftari lake jeusi Kathure alikuwa ameorodhesha picha zilizosalia na mahali pa kila moja, naye Musembi akaifuata orodha ile kama kipofu anavyofuata kamba. Kurasa za mbele hakuzifungua. Mwandiko wa mwishoni ulikuwa wa mkono uliochoka, na mkono huo alikwisha kuuzoea hospitalini. Wa mbele ulikuwa wa mkono wenye afya. Huo hakuwa na moyo wa kuutazama.

Sasa kazi ilikuwa imekwisha. Shule aliyofundisha Kathure ilitaka kuitundika picha ile katika chumba cha jiografia, ukuta mzima, jina lake likiwa chini. Ijumaa Musembi alitakiwa kuipeleka kwa mchapishaji.

Jumatano ndipo Rukiyo alipobisha. Alikuwa mama wa Kiborana kutoka pande za Wajir, aliyeletwa mjini na ukame pamoja na ngamia wanne waliomsalia. Kwa miaka mitatu alikuwa amewaletea maziwa, chupa mbili zenye harufu ya moshi, ya mzee na ya mwalimu. Mwalimu alizikwa, chupa zikabaki mbili. Musembi hakuwahi kumwambia apunguze, na Rukiyo hakuwahi kuuliza.

"Hodi! Mzee Musembi, uko hai?"

"Niko, mama. Karibu."

"Sauti yako iko chini ya kitanda. Umekula?" Hakungoja jibu. Aliziweka chupa mezani, akaiona kompyuta. "Hii ndio ile shamba ya mwalimu?"

"Ndiyo. Imekamilika."

"Mashallah." Alifinya macho. "Lakini nchi mbaya, walaal, ndugu yangu. Hata mbuzi ya adui yangu siwezi peleka huko."

Musembi alicheka. Kicheko kilimtoka kikiwa kikavu, kama bawaba ya mlango uliokaa bila kufunguliwa.

Rukiyo aliinama, kidole chake kikaifuata michirizi ya magurudumu bila kugusa kioo. Alikuwa mtu aliyesoma mchanga tangu utotoni, kama wengine walivyosoma vitabu. "Hii mnyama ilikuwa mgonjwa," alisema.

"Si mnyama, mama. Ni gari."

"Gari, mnyama, yote inatembea. Angalia. Mguu ya huku inakanyaga, ya huku inaburuta. Imetembea hivi siku mingi. Iko wapi sasa?"

"Ilinyamaza. Waliiita miezi na miezi, haikuitika."

"Pole yao," Rukiyo alisema, kwa sauti aliyoitumia siku ya mazishi. Kidole kiliendelea na safari yake, kisha kikasimama. "Lakini hapa umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Hii jiwe, kivuli iko huku. Asubuhi. Hii jirani yake, kivuli iko huku. Jioni. Mtu akifuata ngamia yake hapa atachanganyikiwa. Atasema ilisimama siku nzima, na haikusimama."

Musembi alisogea. Mawe mawili, bega kwa bega, vivuli vyake vimepeana migongo kama ndugu waliogombana. Alikuwa ameitazama picha ile mara zisizo na idadi na hakuona. Sasa hakuona kingine.

"Labda macho yako yamechoka, mama," alisema, na papo hapo akajuta.

"Macho ndio imebaki. Magoti ndio imechoka." Rukiyo alijitanda mtandio wake. "Kunywa maziwa. Zote mbili, leo."

Alipoondoka, Musembi alikaa na fedheha isiyokuwa yake. Mahali pale hapakuwa miongoni mwa picha kumi na tisa alizoziunga yeye. Palikuwa katikati ya kazi ya Kathure. Aliwaona wanafunzi wakisimama mbele ya ukuta, mmoja akinyoosha kidole, wengine wakiziba vinywa. Kifo kilikuwa kimemnyang'anya Kathure kila kitu isipokuwa sifa ya kutokosea, na sifa hiyo ilikuwa imeachwa mikononi mwa mtunza stoo.

Alhamisi hakwenda kazini. Kila picha ilikuwa na jina la tarakimu nyingi, na ndani ya tarakimu hizo mlikuwa na siku na saa iliyopigwa. Alipitia mamia. Jua lilikuwa utosini alipoipata: jiwe lile lile, siku ile ile, asubuhi. Aliilaza juu ya ile yenye kasoro nayo ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Vivuli vyote vikaelekea upande mmoja. Akahifadhi kazi hiyo kwa jina jipya, pembeni ya ile ya zamani.

Ilipasa afurahi. Badala yake swali lilimng'ang'ania kama kupe. Mtu aliyefumua mshono kwa sababu ya unywele, aliipitaje kasoro ambayo mama muuza maziwa aliiona akiwa amesimama?

Akafungua kurasa za mbele.

Mwandiko ulikuwa imara, herufi zimenyooka kama watoto mstarini. Picha ya kwanza, ya pili, ya kumi, kila moja na maelezo yake. Alisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, mpaka ya themanini na nane, ambapo herufi zilikuwa zimeanza kuyumba kidogo.

*88. Ameiweka Musembi. Jioni badala ya asubuhi. Isiguswe.*

Siku yenyewe ikamrudia na harufu yake, harufu ya dawa na ya vumbi lililopata mvua. Vidole vya Kathure vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Yeye Musembi alikuwa amekwisha kuvaa viatu, mpira ulikuwa unaanza kwa jirani. "Keti kidogo," Kathure alimwambia, "niwekee hii moja." "Mawe yako hayo," Musembi alimjibu, kama alivyoyaita siku zote. Alikaa ukingoni mwa kiti, akachukua picha ya kwanza iliyofanana, hakusoma tarakimu, akaibandika. "Imekaa?" Kathure aliitazama kwa muda mrefu. "Imekaa," akasema, na akatabasamu kwa kitu ambacho Musembi hakuwa na wakati wa kukiuliza. Akaenda kutazama mpira. Hakumbuki hata nani alishinda.

Katika miaka miwili ya kazi ile, hiyo ndiyo mara pekee aliyoketi.

Ijumaa alibeba kazi zote mbili kwenye flashi moja. Duka la Brayo, mchapishaji, lilijaa mabango ya harusi na nyuso za wanasiasa. Watu walikuwa wamekwenda kuswali na mtaa ulitulia, hata punda wa mikokoteni walisimama wakisinzia. Brayo, kijana wa bara mwenye ulimi mwepesi, alifungua ya kwanza.

"Mzee, hii ni kali! Hii ni Mandera ama?"

"Mbali kidogo na Mandera."

Brayo alikuza, akashuka, akapanda. Jicho lake lilikuwa la kazi. "Lakini hapa kuna shida. Vivuli zinapingana. Nirekebishe? Dakika mbili tu."

"Kuna nyingine humo ndani. Imerekebishwa."

"Sasa si tuchape hiyo?"

Musembi aliinamia kioo, akayatazama mawe yale mawili. Mkono wa Brayo ulikuwa juu ya kipanya, ukingoja. Kutoka msikitini sauti ya imamu ilipanda, ikashuka.

"Chapa hii," alisema hatimaye.

"Watoto wataona, mzee. Watasema madam aliteleza."

"Chini utaandika jina lake. Andika, picha mia mbili na kumi na moja, Kathure."

"Sawa."

"Kisha andika, picha ya themanini na nane, Musembi."

Brayo aligeuka, akamtazama. "Si uliniambia kwa simu kwamba zingine kumi na tisa uliziunga wewe?"

"Hizo ni zake. Mimi niliongozwa."

Brayo akaigeukia kompyuta, akaandika. Mashine ikatetemeka, ikaanza kuitoa nchi nyekundu kidogo kidogo, mawe, kisha kilima, kisha michirizi ya kile kilichokuwa kikiburuta mguu. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko meza. Musembi alisogea mbele, akaupokea ukingo wake kwa mikono miwili usiguse sakafu, kama mtu anayemshikia mwenzake ncha ya shuka wakati wa kukunja. Asubuhi ikamfikia vidoleni. Kisha, katikati ya asubuhi hiyo, ikaja jioni. Akarudi nyuma hatua moja ili ipate nafasi, na nyingine, mpaka mgongo ukagusa mlango, na bado ilikuwa inakuja.