Karuho Niliyoitafuta mu Tumbo la Naomie

Wamama wenzangu, mutoto akishikwa na tumbo, musikimbilie kutaja jina la muntu. Minye nilitaja.

Naomie, binti wangu, alianza kujikunja kila akila. Kisha choo chake kikawa cheusi kama masizi ya chungu. Nikajua palepale: karuho, ile sumu watu wanasema inawekwa mu chakula na inaua polepole. Na nani alimupa chakula? Mama Aimé, jirani yetu anayeuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa. Naomie alikula kwake siku ya matanga ya bwana ya huyo mama.

Nikamupeleka mutoto kwa munganga wa kienyeji, akamunywesha dawa ya kutapisha. Akatapika mpaka damu. Nikasema, "Muone, sumu inatoka!" Nikaenda kwenye bomba la maji, wamama wamejaa na madumu yao, nikamwambia Mama Aimé mbele yao wote:

"Weye umezika bwana, sasa unataka na minye nizike?"

 Dumu lake lilikuwa halijajaa. Akaliinua vile vile, akaenda. Tangu ile siku, watu wakawa wanapita mbele ya ndagala zake bila kusimama.

Ni dada yangu Léocadie alinikokota. "Mutoto anakauka, weye unatafuta mulozi! Simama twende." Tukatoka kwetu Uvira, tukavuka mupaka wa Burundi mpaka hospitali moja ya Bujumbura. Docteur Ninahazwe, mwanamuke mupole, akatueleza kwamba mupira mwembamba wenye taa na kamera utapita mu kinywa mpaka mu tumbo. Akamupulizia Naomie dawa ya ganzi mu koo.

Nikamwomba, "Docteur, unionyeshe karuho kwa macho yangu."

"Simama hapa, mama, uangalie."

Kwenye ekra, kioo cha ile kamera, tumbo la mutoto lilikuwa jekundu, linang'aa. Halafu tukaona kidonda, damu inachuruzika. Docteur akapitisha kichuma kidogo mu ule mupira, akakibana kidonda. Damu ikasimama.

"Huyu mutoto alikuwa anakunywa vidonge gani?"

"Vya jino tu, vya maumivu. Kila asubui, mbele ya kuenda ku masomo."

"Akiwa amekula?"

"Hapana."

"Nani alikuwa anamupa?"

 Léocadie akajibu: "Yeye huyu, mama yake."

"Vidonge hivyo vinachubua tumbo, zaidi likiwa tupu. Na kumutapisha kumeongeza damu."

"Na karuho, docteur?"

"Mama, umeangalia na minye. Iko wapi?"

Naomie alipopata nguvu tukarudi Uvira. Ile jioni nikaenda kwa Mama Aimé. Maneno niliyoyapanga nikipika yote yalipotea.

"Mama Aimé, unisamehe. Ilikuwa vidonge vyangu."

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima."

"Ulinisema kwenye bomba. Na hii utaisema kwenye bomba?"

"Nitaisema."

Akaleta juisi ya maracuja. Mbele ya kunipa, akakunywa kidogo ananiangalia, vile sisi huku tunafanya kwa mugeni, ajue hakuna sumu. Miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kunionjea kitu.

"Nimeonja, mama Naomie. Kunywa, usiogope."

Nikakunywa macho chini. Asubui nikaenda kwenye bomba na dumu tupu, nikakaa pembeni nikingoja wamama wajae.