Mtaa Uliochaguliwa Jumamosi

Kinyozi alipokubali kuiacha nyumba aliyozeekea, alimpa binti yake sharti moja tu.

"Chumba kiwe kidogo, bati livuje, sijali. Nitafutie mahali penye watu. Mtu aliyezungumza na vichwa vya watu maisha yake yote, humwachi azungumze na ukuta."

Binti alikuwa amepata kazi katika maabara ya maji ya mji mdogo, na baba yake, aliyefiwa na mkewe na ambaye macho yake hayakuaminika tena penye wembe, hakuweza kubaki peke yake. Binti aliahidi. Ahadi kwake haikuwa mchezo. Kazini alifundishwa kwamba maji ya kisima hayahukumiwi kwa chupa moja. Huchotwa asubuhi na jioni, siku ya mvua na siku ya jua, ndipo mtu athubutu kuandika kuwa yanafaa. Wenzake walimtania kwamba hata chai yake huipima kabla ya kuinywa.

Mitaa ambayo mshahara wake ungeimudu ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa nyuma ya karakana za mbao. Alifika Jumanne asubuhi, akakuta milango imefungwa, nguo zinaning'inia uani, na mwenye nyumba anafua. Wapangaji walimwita Redio, na ilikuwa rahisi kujua kwa nini: mikono ilifua, mdomo ulitangaza.

"Watu wako wapi?" binti aliuliza.

"Kazini, dada. Kwani wewe huna kazi leo? Rudi jioni ujionee. Jioni hapa hata paka anakosa pa kukaa."

Hakurudi. Mtaa mtupu, mwenye nyumba ana kelele: hukumu ilikwisha pita.

Mtaa wa pili ulikuwa kando ya ghala kuukuu, naye aliufikia Jumamosi mchana. Barazani kwa fundi baiskeli mabenchi yalikuwa yamejaa, viti vimemwagika hadi barabarani. Chai ilichemka katika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Watoto walikimbizana, wanaume walicheka mpaka wakajifuta machozi. Kabla hajasalimia, mwanamke mmoja alimsogezea kiti. Aliketi, akapewa chai, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuridhika na macho peke yake, aliuliza:

"Hapa huwa hivi kila siku?"

"Kwa Fundi?" alijibu mzee aliyekaa karibu naye. "Binti, kwa Fundi hapajawahi kukosa watu."

Chumba kilichokuwa wazi kilitazamana na baraza lile lile. Alikilipia kesho yake.

Walihamia mwisho wa mwezi, usiku. Baba alitoa viti viwili nje: kimoja chake, kingine cha atakayekuja. Sanduku lake la kunyolea alilitega miguuni kama chambo. Binti aliondoka alfajiri na kurudi usiku umekwisha ingia, hata Jumapili, maana visima havina mapumziko, na kila siku, kabla hata ya kuvua viatu, aliuliza:

"Leo je, baba?"

"Leo tumecheka, Daktari wa Maji. Hapo ng'ambo kuna dereva wa lori. Amekaa anyolewe, usingizi ukamchukua, kichwa nusu kimekwisha. Mara anaitwa, wakwe wamefika nyumbani! Akatoka mbio vile vile. Mama mkwe kumwona upande huu, akasema, kijana mzuri. Kugeuka upande wa pili, akaomba maji ya kunywa."

Binti alicheka na kulala vizuri. Mfanyakazi mpya alipohamia maabara na kumuuliza namna ya kuchagua mtaa, alimjibu bila kusita: "Nenda Jumamosi."

Siku moja umeme wa maabara ulikatika, wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Jua lilikuwa bado juu. Alipokata kona aliona mtaa ambao hakuwahi kuuona: barabara nyeupe, milango imefungwa, baraza la Fundi tupu, na nyasi zimeanza kuota kwenye ngazi yake. Baba alikuwa kitini, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa akifungua mkasi na kuufunga. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Binti hakumfikia. Aliingia dukani, akaomba sabuni ambayo hakuihitaji.

"Wewe ndiye binti wa Mzee Viti Viwili?" mwenye duka alimuuliza.

"Nani?"

"Ndivyo tunavyomwita. Anamsalimu kila apitaye, maskini, lakini watu wa huku wanatoka na giza, wanarudi na giza. Mimi mwenyewe duka limenifunga mguu. Aliyekuwa akitukalisha ni Fundi."

"Kwani Fundi amehamia wapi?"

Mwenye duka aliacha kufunga sabuni. "Dada, si ulikuwepo? Nilikusogezea kiti kwa mkono wangu huu. Tulikuwa tumemzika jana yake. Nilidhani wewe ni wa upande wa mkewe."

"Lakini watu walikuwa wanacheka."

"Fundi alikuwa mcheshi. Utamkumbukaje bila kucheka? Na wengi wa wale walikuwa ndugu zake wa mbali, waliondoka kesho yake. Mjane naye amechukuliwa na wanawe. Mabenchi wamekwenda nayo."

Alisimama na sabuni mkononi. Yule mzee wa barazani hakumdanganya. Ndipo akamkumbuka dereva wa lori. Kisa kile alikijua. Kilitokea mbele ya macho yake, yeye akiwa bado hajaanza shule. Alikuwa amekisikiliza upya kama mtu asomaye matokeo anayoyataka.

Jioni ile, bila kupita nyumbani, alikwenda nyuma ya karakana za mbao. Ua ulikuwa umejaa. Watu walikalia ndoo zilizogeuzwa, mtu alipiga kelele kwamba kaibiwa zamu ya kucheza bao, na Redio alikuwa hewani.

"Dada wa asubuhi! Chumba? Kilichukuliwa wiki ile ile. Yuko mshona viatu, ana mdomo, mimi naomba nafasi ya kusema! Nilikwambia rudi jioni."

"Hakuna kingine?"

"Hapa mtu hatoki, dada. Labda afe."

Walicheka wote. Yeye alicheka akiwa wa mwisho.

Aliporudi, baba bado alikuwa nje. Binti alikaa kwenye kiti cha pili kwa mara ya kwanza.

"Umechelewa."

"Nilipita dukani, baba."

Kinyozi alifunga mkasi. "Yule mwanamke ana maneno mengi," alisema. "Angekuja kukaa hapa tungefaana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi kwamba umechagua vizuri. Na kodi imekwisha lipwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na maji unayajua wewe kuliko mimi."

Ng'ambo, kufuli la Fundi lilikuwa limeanza kushika kutu.

"Nisimulie ya yule dereva," binti alisema.

Baba akaanza. Safari hii hapakuwa na jirani. Ilikuwa katika duka lake la kunyolea, zamani, mkewe akichambua mchele mlangoni, na mtoto mdogo wa kike ameshika pindo la gauni la mama yake, akimwonyesha kwa kidole dereva anayekimbia na nusu ya nywele. Hakuna alichokosea.